Mahali Kisu Kinapopita: Habari za Viungo vya Mwili

Siku moja nilikwenda kwenye darasa la kisomo nikiwa nimebeba mguu wa ng'ombe. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha Kilolo, mkoani Iringa. Wanakisomo walikuwa wameketi juu ya magogo, maana madawati yalikuwa machache. Niliwasalimu, "Kamwene." Wakaitikia. Kisha wakautazama mguu ule, wakacheka. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, leo tunasoma au tunakula?"

Nikamjibu, "Tutasoma kwanza, mama. Tutakula baadaye."

Mguu ule nilikuwa nimeununua asubuhi kwa mwuza nyama. Ulikuwa ni sehemu ya chini ya mguu, hadi kwenye kwato, ambayo sisi huiita kongoro. Nilimwomba mwuza nyama asiupasue kwa shoka. Nilitaka ufike darasani ukiwa mzima, kwa sababu somo letu lilihusu viungo vya mwili.

Mzee mmoja aliyezoea kuchinja alitoa kisu chake. Nikamwambia, "Mzee, tukate hapa," nikamwonyesha katikati ya mfupa. Akatikisa kichwa. "Hapo utaharibu kisu bure, mwalimu. Kisu hupita hapa." Akaukunja mguu, akapapasa kwa kidole gumba, akaingiza ncha ya kisu. Mguu ukaachana vipande viwili bila nguvu nyingi.

Mwaka uliotangulia mzee yule alikuwa hajui kusoma. Lakini habari za viungo alizijua kuliko mimi niliyezisoma kitabuni. Ndugu msomaji, bila shaka nawe umewahi kuchinja mbuzi au kuku, au umesimama karibu na anayechinja. Basi mengi ya habari hii umekwisha kuyaona kwa macho yako. Kilichobaki ni kuyapa majina, kujua kazi zake, na kujua la kufanya yanapoharibika. Katika jambo hili mwili wa binadamu hautofautiani sana na wa mnyama.

TULIYOYAONA NDANI YA KONGORO

Mahali mifupa miwili inapokutana panaitwa kiungo. Mtu mzima ana mifupa 206. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Kila wayo, pamoja na kifundo chake, una mifupa 26. Jumlisha mikono miwili na nyayo mbili, utapata 106. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mifupa yetu yote imo katika mikono na nyayo. Si ajabu basi kwamba mkono unaweza kushika jembe, kupukuchua mahindi, kusuka kikapu na kuandika jina.

Tulipolifungua kongoro, kitu cha kwanza tulichokiona ni mfuko mweupe, mgumu, uliokizunguka kiungo pande zote. Huu ndio mfuko wa kiungo. Ndani yake mlikuwa na ute kidogo. Nilimwomba mama yule aliyeuliza habari za chakula auguse kwa kidole. Akasema, "Unateleza kama ute wa yai." Hivyo ndivyo ulivyo. Kazi yake ni kama ya mafuta kwenye ekseli ya baiskeli. Tena usidhani kwamba ni mwingi. Katika goti zima la binadamu mwenye afya, ute huo haujazi kijiko cha chai.

Kitu cha pili tulichokiona ni ncha za mifupa. Zilikuwa zimefunikwa na kitu laini, cheupe, chenye kung'aa. Hili ndilo gegedu. Shika sikio lako, likunje, kisha uliachie. Linarudi lilivyokuwa. Ndani ya sikio kuna gegedu, na kwenye ncha ya pua pia. Katika viungo gegedu ni laini kuliko kigae cha sahani. Mfupa wenye gegedu huteleza juu ya mwenzake wala hausagiki.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ni jambo kubwa. Gegedu halina mishipa ya damu. Nyama ina damu, ngozi ina damu, hata mfupa una damu. Gegedu halina. Je, linakula nini? Linakula kwa kunyonya ule ute. Fikiria sifongo au kitambaa kilicholowa maji. Ukikikamua, maji hutoka. Ukikiachia ndani ya maji, hunyonya tena. Unapotembea, gegedu la goti hukamuliwa na kuachiwa, hukamuliwa na kuachiwa. Ndivyo linavyopata chakula chake. Kwa hiyo kiungo kisichotembezwa kwa muda mrefu kinakaa na njaa. Na kwa kuwa halina damu, gegedu likichanika au likiliwa na ugonjwa, kupona kwake ni kwa shida sana. Ngozi iliyokatwa hujiunga yenyewe. Gegedu si kama ngozi.

Kitu cha tatu ni kano. Hizi ni kamba nyeupe ngumu ambazo watu wengi huziita mishipa. Tusizichanganye na mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Kano ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hufunga mfupa kwa mfupa, kama kamba inavyofunga fito za nyumba. Aina ya pili hufunga msuli kwenye mfupa. Tuziite kano za mifupa na kano za misuli.

Ukitaka kuijua kano ya msuli, papasa nyuma ya kifundo cha mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utaikuta kamba nene. Hiyo ndiyo kano nene kuliko zote mwilini. Sasa shika mkono wako wa kushoto chini ya kiwiko, kwa kutumia mkono wa kulia. Chezesha vidole vya kushoto. Je, unasikia nini kinatembea chini ya kiganja chako? Ni misuli. Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli inayofanya kazi hiyo kubwa iko huku juu, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu, kama mtu avutaye kamba ili kufunga mlango akiwa mbali.

Ndiyo maana jeraha dogo la panga mgongoni mwa mkono linaweza kukiangusha kidole. Mtu anakata kuni au anafyeka, panga linateleza, linamkata karibu na kifundo. Damu inakauka, ngozi inaunga, naye anafurahi. Lakini kidole kimoja hakinyanyuki tena. Kano imekatika, na upande mmoja umejivuta ndani kama kamba ya ndoo iliyotumbukia kisimani. Mganga anaweza kuishona kano hiyo, na ni rahisi zaidi ikiwa mtu amefika mapema, siku hizo hizo za kwanza. Kila ukikatwa mkononi, jaribu kukunja na kukunjua kila kidole kimoja kimoja. Kimoja kikikataa, usingoje jeraha likauke.

Mfuko wa kiungo, kano na gegedu, vyote ni jamii moja. Wataalamu huviita tishu unganishi, yaani nyama za kuunganisha. Ngozi ina tishu hizo, na mfupa pia. Nguvu yake hutoka katika proteini iitwayo kolajeni. Proteini hii wanakisomo wetu waliinywa jioni ile. Tulilichemsha kongoro kwa saa nyingi, hadi zile kano ngumu zikalainika na supu ikawa nzito yenye kunata midomoni. Supu iliyobaki ililala usiku, na baridi ya Kilolo ikaigandisha ikawa kama uji. Hiyo ndiyo kolajeni iliyoyeyuka.

Hapa niseme neno moja. Wapo wanaoamini kwamba supu ya makongoro huenda moja kwa moja kuongeza ute wa magoti. Sivyo. Tumbo huisaga kolajeni kama linavyosaga maharage au samaki, kisha mwili hujenga unachotaka. Supu ni chakula kizuri, nami naipenda. Lakini si dawa ya goti. Mwili unapojenga kolajeni yake huhitaji pia vitamini C. Zamani mabaharia wa Ulaya waliokaa baharini miezi mingi bila matunda walitokwa damu kwenye fizi, meno yakalegea, na makovu yao ya zamani yakafunguka tena. Kolajeni yao ilikuwa imekosa kiungio. Sisi tuna mapera. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na watoto huyaokota bure.

KILA KIUNGO NA MWENDO WAKE

Viungo havifanani. Kiwiko ni kama bawaba ya mlango: hukunja na kukunjua tu. Nyonga ni tofauti. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira mdogo, nacho kimeingia ndani ya kikombe kirefu cha mfupa. Kwa hiyo mguu huweza kwenda mbele, nyuma na pembeni, na bado ukawa imara. Bega pia ni mpira na kikombe, lakini kikombe chake ni kifupi mno, kama kisahani. Ndiyo maana mkono huzunguka kuliko mguu. Lakini bega nalo huchomoka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa. Ukiongeza uhuru, unapunguza uimara.

Shingo ina pingili 7. Ya kwanza inakubeba kichwa unaposema ndiyo. Kati ya ya kwanza na ya pili ndipo kichwa kinapogeuka unaposema hapana. Kule Hifadhi ya Ruaha, hapa hapa Iringa, kuna twiga wengi. Je, shingo ya twiga ina pingili ngapi? Ni 7 vilevile. Tofauti ni urefu wa kila pingili. Nilipowaambia hivyo wanakisomo, hawakuniamini, na mpaka leo nadhani wako wasioniamini.

Kati ya pingili na pingili kuna kigegedu kama mto mdogo, chenye ute mzito katikati. Mchana kutwa tunaposimama na kubeba mizigo, mito hii hubanwa. Usiku tukilala, hunyonya maji tena. Kwa hiyo asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Anayeinama kutoka kiunoni na kuokota gunia la viazi kwa ghafla huibana mito hii upande mmoja kwa nguvu nyingi. Ni afadhali kuchuchumaa, kuusogeza mzigo karibu na kifua, kisha kuinuka kwa nguvu ya mapaja. Na mpini wa jembe ukiwa mrefu kidogo, mgongo hauinami sana. Najua watu wanapenda mpini waliourithi.

Viungo vingine havitembei kabisa, kama ile ya fuvu la kichwa. Lakini mtoto mchanga huzaliwa mifupa ya fuvu ikiwa bado haijashikana, ili kichwa kiweze kupita wakati wa kuzaliwa. Pale palipo laini ndipo tunapopaita utosi. Utosi wa mbele huwa umefunga kwa watoto wengi wanapofikia umri wa mwaka mmoja na nusu hivi.

Goti ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote, nalo ndilo linaloonewa zaidi katika nchi yetu ya milima. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, na mbele yake kuna pia ya goti. Katikati kuna vigegedu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Linashikwa na kano nne kubwa: moja kila upande, na mbili ndani zinazopishana kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Akina mama wa Uporoto wanaoshuka na mizigo ya viazi, na wa Makete wanaoshuka na kuni, watakuambia kwamba kupanda kunachosha kifua lakini kushuka kunaumiza magoti. Wanasema kweli. Katika kushuka, goti hubeba mzigo likiwa limekunjwa, na pia ya goti hubanwa juu ya mfupa wa paja. Kushuka kwa hatua fupi, kwa kupinda pinda kilimani, ukiwa na fimbo, huliokoa goti.

KUTEGUKA

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu ndiyo magonjwa yaliyosemwa sana. Habari za viungo zilibaki mikononi mwa wachuaji wa kijijini. Baadhi yao wana mikono ya ustadi. Lakini mkono hauoni ndani ya mfuko wa kiungo.

Neno kuteguka tunalitumia kwa mambo mawili. La kwanza ni kano kuvutika au kuchanika kidogo, mifupa ikiwa bado mahali pake. Mtu amekanyaga shimo, kifundo kikapinda kwa ndani, kikavimba. Huyu apumzishe mguu. Auweke juu ya mto au gunia lililokunjwa, uwe juu kuliko kiuno. Aufunge kwa kitambaa, usibane mno. Auwekee kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kama 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Sisi hatuhitaji barafu. Maji ya mito yetu mwezi wa saba yanatosha. Asichuliwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto siku mbili tatu za kwanza, maana uvimbe huongezeka. Uvimbe ukianza kupungua, aanze kuutembeza taratibu. Asipoweza kupiga hata hatua nne, apelekwe akapigwe picha ya eksirei. Huenda mfupa umevunjika.

Jambo la pili ni mfupa kutoka kabisa mahali pake. Bega linashuka, mkono hauinuki, umbo limeharibika. Hapa watu hukimbilia kuvuta. Kwapani hupita mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Ukivuta ovyo unaweza kuikata, au ukavunja mfupa ambao haukuwa umevunjika. Ufunge mkono kifuani kwa khanga, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Atapewa dawa ya maumivu na bega litarudishwa kwa utaratibu. Nyonga ikichomoka, kama inavyotokea mtu akianguka na bodaboda, ni haraka zaidi. Mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja hubanwa, na waganga hutaka nyonga irudishwe ndani ya saa 6. Mpigie simu mganga wa zahanati wakati gari linatafutwa, usingoje kwanza shauri la ukoo.

Neno moja juu ya banzi. Ukimfunga mtu banzi, tazama vidole vyake kila mara. Vikiwa baridi, vikivimba, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, legeza kamba mara moja. Watu wamepoteza mikono si kwa sababu ya mfupa uliovunjika, bali kwa sababu ya kamba iliyobana.

KIUNGO CHENYE MOTO

Sasa nitaeleza jambo linalonigusa mwenyewe. Mtoto wa dada yangu, akiwa na umri wa miaka sita, aliamka asubuhi moja akilia goti. Tulidhani ameanguka akicheza. Goti lilikuwa limevimba, tena la moto, na mwili nao ulikuwa na homa. Hakutaka liguswe. Tulichemsha maji, tukatia chumvi, tukamchua. Tulishika zamu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomshikilia alipokuwa akilia, nikiamini namsaidia. Siku nne tulifanya hivyo. Siku ya tano alikuwa hali wala haongei, ndipo tukampeleka.

Mganga alipochoma sindano ndani ya goti, ute haukutoka. Ulitoka usaha.

Vijidudu huweza kuingia katika damu kupitia kidonda au jipu, kisha vikatua ndani ya kiungo. Humo ndani vinazaliana. Na usaha hula gegedu. Nimekwisha kueleza kwamba gegedu halina damu, na likiharibika ni vigumu kurudi. Siku chache tu zinatosha kuliharibu. Mtoto yule alisafishwa goti kwa upasuaji, akapewa dawa za sindano majuma kadhaa. Tunashukuru alipona. Sasa ni mtu mzima na ana shamba lake. Lakini goti lile halikunji hadi mwisho, na hawezi kuchuchumaa.

Kwa hiyo liandike hili mahali utakapoliona: kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, pamoja na homa, na mtoto hataki kukisogeza, hicho hakichuliwi. Kinapelekwa hospitali leo, si kesho. Kama ni usiku, nenda usiku. Na mtoto mchanga anaweza asiwe na homa kabisa. Ukiona tu hauchezeshi mguu mmoja, na analia ukimbadilisha nepi, mpeleke.

Kuna ugonjwa mwingine wa watoto wa shule unaofanana na huo kidogo. Mtoto anaugua koo, anapona. Baada ya majuma mawili matatu goti linauma, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Maumivu yanahama. Viungo hupona vyenyewe, na wazazi husahau. Lakini ugonjwa huo unaweza kuharibu vilango vya moyo, na mtoto akaja kuugua moyo akiwa kijana. Maumivu yanayohama yapelekwe kwa mganga, hata kama yamekwisha kutulia.

MTOTO ALIYEZALIWA NA WAYO ULIOPINDA

Watoto wengine huzaliwa wayo ukiwa umegeukia ndani. Zamani mtoto wa namna hii alikua akitembea kwa ubavu wa mguu, na maneno mengi yalisemwa juu ya mama yake. Maneno hayo hayana msingi. Ni kano za upande mmoja zilizo fupi na ngumu mno.

Lakini kano za mtoto mchanga bado ni laini. Katikati ya karne ya 20, Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani, aliona kwamba si lazima kupasua mguu wote. Unaushika wayo, unaunyoosha kidogo tu bila kumwumiza mtoto, unaufunga plasta ngumu. Baada ya juma moja unafungua, unanyoosha kidogo tena, unafunga. Plasta tano au sita mara nyingi hutosha. Watoto wengi hukatwa kidogo ile kano ya kisigino ili irefuke, nayo hujiunga yenyewe. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mwanzoni mchana na usiku, halafu wakati wa kulala tu, hadi miaka minne hivi. Hapa ndipo wazazi wengi huchoka. Wanaona mguu umenyooka, wanaviacha viatu, na wayo unarudi kupinda. Matibabu haya yapo nchini kwetu. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali yanapofanyika. Anzia zahanati, uliza, na uende mtoto akiwa na majuma machache tu.

JINA LA BARIDI YABISI

Mtu yeyote wa nyanda zetu akiumwa magoti husema ana baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Waganga wa kale waliyagawa magonjwa kuwa ya joto na baridi, ya majimaji na makavu, na jina limebaki. Kwa sababu ya jina hilo, na kwa sababu asubuhi za Makete na Mufindi zina umande wa kuganda, tunadhani baridi ndiyo inayoleta ugonjwa. Baridi huvifanya viungo viwe vigumu na maumivu yasikike zaidi. Kujifunika ni vizuri. Lakini hata watu wa Pwani, wanaotoka jasho mwaka mzima, wanaugua viungo.

Magonjwa yenyewe ni zaidi ya moja. Lipo lile la vijiungo vya vidole, mikono yote miwili, asubuhi haikunji ngumi kwa saa nzima au zaidi. Huwapata wanawake zaidi, hata wenye umri wa kati. Hapa askari wa mwili wanaoua vijidudu wamekosea, wanashambulia viungo. Huyu aende hospitali mapema, maana ziko dawa za kuwatuliza askari hao kabla vidole havijapinda. Lipo la jongo, ambapo kidole gumba cha mguu huvimba usiku mmoja na shuka lenyewe haliwezi kukigusa. Vipande vidogo vya asidi ya yuriki, vikali kama sindano, vimekaa ndani ya kiungo. Bia na nyama nyingi humchochea mwenye ugonjwa huo.

Linalotupata wengi uzeeni ni la gegedu kulika. Goti linauma jioni baada ya kazi, asubuhi linakuwa gumu kwa dakika chache, kisha linalegea. Halina homa. Wengi huenda dukani kununua vidonge vya diklofenaki, wakavila mwaka mzima. Vidonge hivyo hutuliza maumivu, lakini vikiliwa ovyo hutoboa tumbo na huumiza figo. Visizoeleke kama peremende. Kinachosaidia zaidi ni mwendo. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie ukihesabu hadi tano, ushushe. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Mwenye mwili mnene akipunguza uzito, goti litamshukuru.

Na fimbo. Siku ile ya kongoro, bibi mmoja alikuja darasani akichechemea. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, na fimbo aliishika kwa mkono wa kushoto, upande ule ule unaouma. Karibu watu wote hufanya hivyo. Nilimwomba aishike kwa mkono wa kulia, aipeleke mbele pamoja na mguu wa kushoto. Fimbo ikiwa upande wa pili, mwili hauelemei mguu mbovu. Bibi akajaribu, akazunguka uani mara mbili. Akakubali kwamba ni nafuu. Kisha akasimama, akanitazama.

"Lakini, mwanangu, mkono wa kulia ndio wa kusalimia. Nikikutana na mkwe njiani nitafanyaje?"

Wanakisomo walicheka. Yule mzee mwenye kisu akamjibu kabla yangu. "Simama, bibi. Fimbo iegemeze kifuani, usalimie, kisha uishike tena uende zako. Mkwe atangoja."